Minara ya Makaburi ya Kaole

Kutoka Bagamoyo mjini hadi Kaole ni mwendo wa kilomita kama 5 kuelekea kusini. Bodaboda hukufikisha upesi, lakini mimi niliondoka alfajiri kwa miguu, nikapita minazi na mashamba ya mihogo, umande ukinilowesha vifundo vya miguu. Makaburini mtu huenda taratibu.

Wengi hupaita Kaole magofu. Sipendi sana neno hilo. Misikiti miwili imebomoka, ndiyo, na ule wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Ila makaburi 22 yaliyo kando yake bado ni makaburi: yana watu ndani, wamelazwa ubavu wa kulia, nyuso zimeelekea kaskazini, maana huku pwani kwetu ndiko kibla kiliko.

Nilisimama muda mrefu mbele ya kaburi la mnara. Chini pana ukuta mfupi wa mstatili, na upande mmoja mnara unapanda kupita kimo cha watu wawili. Makaburi ya namna hii ni fahari ya pwani hii: yako Kunduchi, Malindi na Mambrui, hadi kusini mwa Somalia. Mtu wa bara au mgeni wa ng'ambo akiuona mnara kama huu kwa mara ya kwanza huuliza ni wa nini. Ni wa kumfanya marehemu aonekane kutoka mbali.

Nilipousogelea nikaona jiwe lenyewe, na hapo ndipo nilipowavulia kofia mafundi wa kale. Tumbawe la baharini, likitolewa majini likiwa bichi, ni laini. Huchongeka kwa tezo na kisu. Likikaa juani hukauka na kuwa gumu. Kwa hiyo mchongaji alikuwa akishindana na jua: kingo zinyooke, mistari ikae sawa, kabla jiwe halijamkatalia. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yaliyo magumu tangu mwanzo, yakashikwa kwa chokaa. Na chokaa nayo ni tumbawe lile lile, lililopangwa juu ya magogo, likachomwa, likazimwa kwa maji, likaachwa lipoe na kukomaa. Nilipitisha kidole kwenye ukingo mmoja. Katikati ya jiwe yalionekana matundu madogo kama ya sega la nyuki, nyumba za wadudu wa baharini waliokufa kabla ya marehemu mwenyewe kuzaliwa.

Juu ya mnara pana vishimo vya duara. Humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka Uchina, zilizofika na majahazi ya biashara ya Bahari ya Hindi. Fikiria jua la asubuhi likigonga kauri hizo juu ya ukuta mweupe! Leo vishimo ni vitupu. Vipande vya vyombo vya Kichina utaviona kwenye makumbusho madogo pale pale, nyuma ya kioo. Hata hivyo macho yangu yalirudi kwenye vishimo, kwa kuwa duara zake bado zimetulia barabara, kana kwamba fundi amezipima jana.

Bahari nayo imejitenga. Bandari ilijaa tope, mikoko ikaota, na mahali palipotia nanga majahazi sasa pana kaa wanaokimbilia mashimoni. Kisima cha kale bado kina maji matamu, ingawa chumvi iko hatua chache tu.

Nikiwa najiandaa kurudi, alifika mama mmoja wa makamo, amejitanda kanga, mkononi ana kifurushi kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuzuru?"

Alikuwa akienda kwenye kaburi la Sharifa, mwanamke wa ukoo wa Mtume ambaye watu huja kuomba dua kwake hadi leo. Alivua kandambili, akachuchumaa. Akawasha ubani kwenye kigae, akanyunyiza maji ya marashi, midomo ikicheza pasi na sauti. Kisha akashika pindo la kanga yake, akafuta mchanga uliokuwa umetuama juu ya jiwe, polepole, pembe moja baada ya nyingine.