Do Inayohama

Mgeni akishuka bandarini Mkoani kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: Chake Chake ni upande gani? Akishaonyeshwa Chake, hata Wete na Konde hazimpotei tena, kwani ameshapata pa kuanzia. Mwanafunzi anayekaa mbele ya kinanda kwa mara ya kwanza naye ni mgeni wa namna hiyo. Mbele yake pana vitufe vyeupe na vyeusi, 61 katika vinanda vingi vya umeme na 88 katika piano kamili, na vyote machoni pake ni sura moja. Anajiuliza kimoyomoyo: hapa nilipo ni wapi?

Waliokibuni kinanda hawakumwacha gizani kabisa. Vitufe vyeusi wamevipanga viwili, kisha vitatu, kisha viwili tena, na mpango huo hujirudia kila baada ya vitufe kumi na viwili. Kitufe cheupe kilicho kushoto kabisa mwa vile viwili vyeusi ndicho kiitwacho C. Ukikijua hicho, umezijua C zote za kinanda kizima. Asiyeona huipapasa alama hiyo kwa vidole akajua alipo. Lakini mwanafunzi mchanga ana haraka, na mwalimu wake ana haraka zaidi. Ndipo zinapokuja alama za kubandika.

Alama hizo nimeishi nazo miaka mingi, nilipokuwa mwalimu mkuu wa skuli na hata baadaye nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu hapa Pemba. Chuoni petu palikuwa na kinanda kimoja kwa wanachuo wapatao arubaini. Siku hizo waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Tanga, uliofika mwaka 2010, ulikuwa bado. Umeme wetu wa majenereta ulikuja na kuondoka upendavyo, kwa hiyo kinanda kiliendeshwa kwa mawe sita makubwa ya tochi, nayo yalifungiwa kabatini kama sukari ya Ramadhani. Kila mwanachuo alipata dakika chache kwa wiki. Ili dakika hizo zisipotee bure, vitufe vilibandikwa vipande vya karatasi vyenye majina ya do, re, mi, na kuendelea, do ikakaa juu ya C. Baada ya wiki chache wanachuo wote waliweza kupiga nyimbo kadhaa za watoto, na kila mtu akaridhika.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikwenda kumsikiliza mwanachuo mmoja, binti mpole na hodari, katika darasa la watoto wadogo. Wimbo alioufundisha ulikuwa na sauti tano tu: so ya chini, la ya chini, do, re na mi. Ulikuwa wimbo mwepesi kabisa, lakini ukiupiga kuanzia C, ile so ya chini hudondoka mahali ambapo koo la mtoto mdogo halifiki. Sauti ya mtoto wa umri ule hutulia zaidi baina ya D iliyo jirani ya C ya katikati na A iliyo juu yake. Chini ya hapo hukoroma, au huacha kuimba akazungumza. Ndivyo ilivyokuwa. Wengine walinguruma, wengine walipiga kelele, na binti mmoja wa miaka kama sita, aliyekaa mkeka wa mbele, aliimba wimbo ule ule kwa usahihi wote, ila juu zaidi kuliko kinanda. Mwalimu wake alimgusa bega, akamwambia kwa upole: "Wewe chezesha midomo tu."

Mtoto akachezesha midomo.

Msomaji wangu, nakuomba usimame hapo kidogo. Yule mtoto ndiye peke yake aliyekuwa akiimba sawasawa. Wimbo ulipomkalia vibaya, aliuhamisha akauweka mahali pake, bila ya kufundishwa na mtu, na malipo yake yakawa kunyamazishwa. Nimekutana na watu wazima wengi, wengine wana wajukuu, ambao ukiwaomba waitikie hata kibwagizo harusini husema, "Mimi sina sauti." Ukiwauliza nani aliyewaambia hivyo, mara nyingi jibu ni mwalimu, tena wa darasa la kwanza.

Jioni ile mwanachuo alinifuata barazani. Hakuwa mtu mkatili hata kidogo, na jambo lile lilikuwa limemkaa rohoni. "Maalim," aliniuliza, "ningefanyaje? Do si ipo pale pale ilipobandikwa?"

Swali lake lilinifanya nichukue mkasi na boksi tupu la chaki. Nilikata ukanda mwembamba wa karatasi ngumu, nikauandika majina yale yale, lakini sikuubandika. Niliusimamisha nyuma ya vitufe, ukawa unaweza kusukumwa kulia na kushoto. Ukitaka do iwe juu ya C, unausukuma hadi hapo. Ukitaka iwe juu ya F, unausogeza mbele vitufe vitano, na majina mengine yote huifuata do kama vifaranga wamfuatavyo mama yao.

Jambo hili lina siri yake ya ufundi, nami naieleza kwa faida ya atakayetaka kujaribu. Ukanda hufaa nyuma tu, kule vitufe vyeusi vinakoishia. Mbele ya kinanda vipo vyeupe saba peke yao, vipana na sawa kwa sawa. Lakini nyuma, vyeupe na vyeusi hubanana, na vyote kumi na viwili huwa na upana unaokaribiana. Katika piano kamili, kutoka C moja hadi C nyingine ni kama sentimita 16 na nusu. Ukigawa kwa kumi na mbili, kila kitufe hupata milimita zinazokaribia 14. Vinanda vidogo vya watoto vina kipimo chao, basi sharti kila kinanda kipimwe chenyewe. Kisha unaandika do, unaruka nafasi moja, re, unaruka moja, mi. Fa hukaa jirani ya mi pasi na kuruka. Unaruka, so, unaruka, la, unaruka, ti. Na do ya juu hukaa jirani ya ti. Wanachuo wangu walilifanya hilo kuwa wimbo: ruka, ruka, jirani, ruka, ruka, ruka, jirani.

Fikra yenyewe si yangu. Huko Norwich, Uingereza, mwalimu aitwaye Sarah Glover, aliyeishi kutoka 1786 hadi 1867, aliwafundisha watoto kuimba kwa ngazi iliyoandikwa majina ya sauti, na John Curwen (1816–1880) akaichukua njia hiyo, akaitengeneza na kuieneza. Katika njia yao, do si jina la sauti moja maalumu. Ni jina la cheo, mfano wa neno "baba": kila nyumba ina wake, na ukihama nyumba jina halibadiliki ila mtu. Wamisionari waliileta Afrika, na katika njia hiyo ndimo alimokulia Enoch Sontonga, mwalimu wa skuli huko Johannesburg, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo ya Wimbo wetu wa Taifa. Kwa hiyo watoto wa Pemba wanaposimama mstarini asubuhi wakaimba, wanaimba kazi ya mwalimu aliyejua kuwa do huhama.

Wiki iliyofuata nilirudi katika darasa lile. Mwanachuo aliuweka ukanda wake, do juu ya F. So ya chini sasa iliangukia C ya katikati, na mi ikaangukia A, yaani karibu sana na pale palipo na raha ya watoto. Waliimba vizuri. Lakini yule binti wa mkeka wa mbele alikuwa bado anachezesha midomo, kama alivyoamrishwa. Mwalimu wake akainama, akamwambia, "Anzisha wewe, mwanangu, mimi nitakufuata." Palipita kimya kirefu, kisha mtoto akaanza. Alianza juu kidogo ya F. Mwanachuo alisikiliza, akausukuma ukanda kitufe kimoja zaidi, na hapo likatokea jambo lililomfanya acheke: sauti zote tano za wimbo ziliangukia vitufe vyeusi vitupu, ambavyo tangu aanze kujifunza alikuwa akivipita kama mtu anayeruka madimbwi. Akapiga wimbo mzima juu ya vyeusi, taratibu, akimfuata mtoto. Siku ile mtoto ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na mwalimu mgeni wake.

Si wote walioupenda ukanda wangu. Mzee mmoja wa Wete, mpiga kodiani wa siku nyingi katika taarabu, alipouona alitikisa kichwa. Kodiani, alinikumbusha, hukumbatiwa kifuani. Vitufe vyake vinatazama waliokaa mbele, na mpigaji havioni. Yeye amepiga harusini usiku kucha, taa zikazimika, na wimbo haukusimama. Jicho likitangulia, alisema, sikio hulala. Mwanafunzi anayesoma karatasi hasikilizi.

Hoja yake ni nzito, nami siipingi. Nilimjibu kwa mfano tuliolelewa nao sote wawili. Mtoto katika chuo cha Kurani hushika kijiti kilichochongwa kutoka kuti la mnazi, akakipitisha juu ya herufi moja moja huku akisoma. Hakuna anayekiita kijiti kile aibu. Lakini pia hakuna aliyehitimu akatembea nacho mfukoni. Siku moja herufi zimeingia kichwani, kijiti kinabaki mkekani. Alama nzuri ni ile inayojua kuondoka. Kwa hiyo tuliweka utaratibu: kwanza ukanda una majina yote, kisha unabakiwa na do na so, kisha do peke yake, kisha unageuzwa upande usioandikwa kitu, mwisho unawekwa kando. Karatasi iliyogandishwa kwa gundi haiwezi kufanya safari hiyo. Tena, kwa kuwa ukanda huhama kila siku, kidole hakipati nafasi ya kukariri mahali. Lazima sikio liamke liulize, leo do iko wapi? Mzee alisikiliza, akasema tutaona. Baadaye alikuja chuoni mara mbili na kodiani yake, akawapigia wanachuo huku wao wakitafuta do yake kwa kinanda. Sikumwuliza kama amekubali.

Kuna watakaosema kuwa shida hii imekwisha, kwani vinanda vingi vya sasa vina kitufe cha kuhamisha sauti: unabonyeza, na C inalia kama F. Tangu taarabu ya kisasa ilipopamba moto katika miaka ya 1990, vinanda hivyo vimeonekana katika kumbi nyingi, na mpigaji mwenye haraka ya kumfuata mwimbaji simlaumu. Kwa mwalimu, hata hivyo, pana tofauti. Kitufe kile huhamisha sauti na kuviacha vidole palepale; ukanda huhamisha vidole na fikra pia. Aliyezoea kitufe, mpe kinanda kisichokuwa nacho, naye amerudi bandarini Mkoani kuuliza njia.

Ukanda una mpaka wake, na ni haki kuutaja. Muziki wa taarabu, tangu enzi za Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, umechota katika makamu za Kiarabu. Katika makamu ya Rast, daraja ya tatu hukaa baina ya vitufe viwili, mahali ambapo kinanda cha kawaida hakina kitu. Mwaka 1932, katika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo, wataalamu walibishana kama piano ina nafasi katika muziki huo, na sababu kubwa ilikuwa hiyohiyo. Mpiga kanuni huinua vijiti vidogo vya chuma kando ya nyuzi zake na sauti ikasogea; mpiga fidla husogeza kidole tu. Mpiga kinanda hana pa kwenda. Katika ukanda mmoja niliweka nukta nyekundu baina ya nafasi mbili, nikawaambia wanachuo: hapa kinanda kinanyamaza, imbeni wenyewe. Waliimba, na baadhi yao walitambua kwa mara ya kwanza kuwa koo lao lina mahali pengi kuliko kinanda.

Nimekwisha kustaafu, na yule binti wa mkeka wa mbele sijui leo anaimba wapi. Wewe mwenye kinanda nyumbani na mjukuu anayekizungukazunguka, karatasi ngumu na mkasi vinatosha. Pima, kata, andika, simamisha nyuma ya vitufe. Ila kabla hujaamua do ikae wapi, mwambie mtoto aimbe kwanza.