Tulifundishwa Kurithi

Kijana aliyetoka Hanga miaka ya mwanzo ya 2000 kwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta alibeba matumaini ya ukoo mzima na ujuzi mdogo sana wa mashine yenyewe. Wakati huo Songea mjini kwenyewe umeme ulikuwa wa jenereta za dizeli. Tuliofika chuoni hivyo tulijifunza Java kwanza ubaoni, kwa chaki, halafu kwenye karatasi za fotokopi, na mwisho kabisa kwenye kompyuta zilizogombaniwa. Somo lililotuteka kuliko yote lilikuwa urithi wa klasi. Nalikumbuka kwa mapenzi, na bado linaniuma.

Lilikuwa somo zuri. Unaandika klasi Mtu, yenye jina, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Kisha unaandika klasi Mgonjwa, unatamka kwamba inarithi Mtu, na yote ya Mtu yanakuwa yake. Unaongeza namba ya faili tu. Methodi ya klasi mama isipokufaa, unaiandika upya katika klasi mtoto kwa jina lilelile. Uhondo uko hapo. Methodi hiyo ikiitwa wakati programu inaendeshwa, Java haijali kigeu ulichotumia kuiita kimetamkwa kuwa cha aina gani. Inatazama obijekti yenyewe ni ya klasi ipi. Kila klasi ina jedwali la methodi zake. Jedwali la mtoto huanza kama nakala ya jedwali la mama, kisha methodi zilizoandikwa upya zinakalia nafasi za zile za zamani. Kwa hiyo msimbo ulioandikwa jana kwa ajili ya Mtu unamhudumia Mgonjwa aliyebuniwa leo, bila kuguswa hata mstari mmoja.

Mtoto wa Hanga hakuhitaji maelezo marefu hapo. Monasteri yetu ya Wabenedikto ilianzishwa mwaka 1957 kutoka monasteri ya Peramiho, nayo mwaka 1979 ikazaa Mvimwa, kule Rukwa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ni ileile katika nyumba zote tatu, lakini kila nyumba ina kazi zake na namna yake ya kuziendesha. Mti wa klasi ulipochorwa ubaoni, niliona kitu nilichokua nikikitazama.

Kinachoniuma ni kwamba tulipewa utamu peke yake. Tangu mwaka 1994 Gamma, Helm, Johnson na Vlissides walikuwa wamekwisha kushauri, katika kitabu chao Design Patterns, kwamba kuweka obijekti moja ndani ya nyingine kutangulizwe mbele ya kurithi. Mwaka 2001 Joshua Bloch akaandika waziwazi kwamba klasi ama ibuniwe na kuandikiwa maelezo kwa ajili ya kurithiwa, ama ifungwe. Mfano wake sitausahau. Irithi HashSet ya Java, uongeze hesabu ya vitu vinavyoingia: hesabu katika add, hesabu na katika addAll. Ingiza vitu 3 kwa mkupuo, na jibu litakuwa 6. Kumbe addAll ya mama inaita add ndani kwa ndani, na add inayoitikia sasa ni ya mtoto. Msome mama peke yake, huoni kosa; msome mtoto peke yake, huoni kosa. Maarifa haya yalikuwepo duniani. Kwenye rafu tulizozifikia sisi hayakuwepo, na vijana wenye akili walimaliza miaka wakifukua hitilafu zilizokwisha kuelezwa kwa kurasa chache.

Waliojenga OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kwa ajili ya kliniki za VVU za Eldoret, Kenya, waliyakuta hayo kazini. Katika mfumo huo Mgonjwa alirithi Mtu, na Mtumiaji wa mfumo naye akarithi Mtu. Ni sawa, mpaka muuguzi augue. Binadamu ni yule mmoja, lakini obijekti moja ya Java haiwezi kuwa Mgonjwa na Mtumiaji kwa pamoja ikiwa klasi hizo ni ndugu. Baadaye Mtumiaji aliondolewa kwenye mti ule. Sasa si aina ya Mtu. Ana Mtu ndani yake.

Nasi Hanga tulikuwa na mfano mlangoni. Tulikuwa Songea Vijijini. Mwaka 2002 tukawa wilaya ya Namtumbo. Kijiji kilikuwa kilekile; kilichobadilika ni wilaya. Katika DHIS2, mfumo unaobeba takwimu za afya za nchi yetu, zahanati, wilaya na mkoa vyote ni vya klasi moja. Klasi hiyo inarithi jina na kitambulisho cha herufi na tarakimu 11 kutoka klasi mama, kwa sababu kila kitu humo kinahitaji kutambuliwa. Lakini wilaya ya zahanati hairithiwi. Imewekwa ndani yake kama sehemu inayobadilika. Zahanati ikihamishiwa wilaya nyingine, unabadilisha sehemu hiyo moja. DHIS2 ilizaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, na Oslo ndiko Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikobuni Simula 67, lugha iliyoleta urithi wa klasi.

Siku hizi gridi imefika Songea kutoka Makambako, tangu mwaka 2018, na kijana wa Hanga anafungua kitabu chochote kwenye simu. Anaandika Kotlin, ambayo klasi zake hazirithiki mpaka uzifungue, au Go, isiyo na urithi wa klasi kabisa. Ananiuliza, "Mwalimu, urithi si ulishapitwa na wakati?" Huyu naye amepewa uchungu peke yake. Kila skrini anayoitengeneza kwa Flutter inarithi klasi ya mtu mwingine na kuandika upya methodi ya build, na hajui ni nani anayeiita wala kwa nini ni yake inayoitikia. Nasikitika kwa ajili yake kama ninavyosikitika kwa ajili yetu.

Kwa hiyo sasa naanza na muuguzi anayeugua. Nawaachia wabishane mpaka wachoke, kisha ndipo nachora jedwali la methodi, la mama na la mtoto, ubavu kwa ubavu.