Kuaminiana Hujengwa Kabla ya Dhoruba



Parokia yetu imo katika kipindi cha uchaguzi wa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Kwa juma la tatu sasa tumekuwa tukizunguka katika jumuiya zenu, na jambo moja limetugusa sana: wengi wanaofaa kuongoza wanakataa. Hawakatai kwa kiburi wala kwa uvivu. Mama mmoja aliyehudumu kama katibu kwa miaka sita alituambia kwa upole, "Baba Paroko, kusali nitasali, kuchanga nitachanga, lakini kuongoza watu wasioaminiana siwezi tena." Mpaka tunapoandika tafakari hii, jumuiya mbili hazina mwenyekiti. Moja kati ya hizo ina kaya zaidi ya 30, lakini sala ya Jumamosi alfajiri huhudhuriwa na watu wanane au tisa.

Hilo si jambo dogo, wapendwa. Tangu mwaka 1976 Maaskofu wa nchi za AMECEA walikubaliana kwamba ujenzi wa jumuiya hizi uwe kipaumbele cha uchungaji katika kanda yetu. Ninyi mnajua sababu yake kuliko sisi. Mgonjwa asiyejulikana na jumuiya, Paroko atamjua akiwa amekwisha kuzikwa. Mtoto asiyefuatiliwa na jumuiya hafiki darasa la Komunyo ya Kwanza. Mjane asiyetembelewa na jumuiya hujiona ameachwa na Kanisa zima. Jumuiya ikifa, parokia hubaki kuwa jengo tu, ambamo tunakutana siku ya Dominika kama abiria wa basi moja, kila mmoja akishuka kituo chake bila kujua jina la jirani.

Kwa hiyo twajiuliza: kiongozi afanye nini ili kundi alilokabidhiwa liaminiane, na liwe na nguvu ya kustahimili siku mbaya itakapokuja?

Tungependa kujibu kwa historia tunayoifikiri tunaijua, kwa kuwa kila tarehe 3 Juni tunaiadhimisha: historia ya Mashahidi wa Uganda. Mara nyingi tunawatazama siku waliyokufa tu. Juma hili tuwatazame kama kundi lililokuwa na viongozi, tukaone jinsi kundi hilo lilivyojengwa.

Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans walifika Buganda mwaka 1879. Mwezi Novemba 1882, kwa sababu ya hali ngumu katika ikulu ya Kabaka Mutesa, wamisionari hao Wakatoliki waliondoka wakaenda kusini mwa Ziwa, upande ambao leo ni Tanzania. Walirudi mwezi Julai 1885, baada ya Mutesa kufariki na mwanawe Mwanga kutawala. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili na nusu wale Wakristo wachanga walikaa bila Padre, bila Misa, bila Kitubio.

Hebu tufikiri. Yosefu Mukasa, ambaye alibaki kuwa nguzo ya waamini pale ikulu, alikuwa amebatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Wamisionari walipoondoka, Ubatizo wake haukuwa umetimiza hata mwaka mmoja. Kwa hesabu zetu za leo, mtu wa namna hiyo tungemwambia asubiri kwanza, aendelee na semina. Lakini Mapeera aliporudi hakukuta majivu. Alikuta moto ukiwaka, na waamini na wakatekumeni wameongezeka. Mukasa alikuwa akiwafundisha na kuwalinda vijana wahudumu wa ikulu. Andrea Kaggwa alikuwa na kundi lake. Kule Mityana, Matia Kalemba na Luka Banabakintu walikuwa wakikusanya watu na kusali nao. Hapakuwa na mtu mmoja aliyeshika kila kitu. Palikuwa na vikundi vidogo, na katika kila kikundi mtu ambaye wenzake walimwamini kwa sababu walimwona kila siku.

Hapo twaona somo la kwanza. Uimara wa kundi hupimwa wakati kiongozi hayupo. Ikiwa mwenyekiti akisafiri sala inasimama, basi kilichokuwepo ni mwenyekiti na wasikilizaji wake, jumuiya bado haijazaliwa. Musa mwenyewe alihitaji kuambiwa na mkwewe Yethro kwamba kazi ya kuwaamua watu wote peke yake, toka asubuhi hata jioni, ingemchosha yeye na kuwachosha wao. Yethro hakumshauri Musa aongeze bidii. Alimshauri achague watu wanaofaa, agawe kazi, kisha akubali kwamba mengi yataamuliwa bila yeye kuwepo. Kugawa kazi ni tendo la imani, kwa maana ampaye mwenzake kazi humpa pia nafasi ya kuifanya kwa namna yake.

Somo la pili ni ukweli. Mwishoni mwa Oktoba 1885, Askofu Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa huko Busoga kwa amri ya Mwanga. Yosefu Mukasa, ingawa hakuwa wa dhehebu lake, alithubutu kumwambia Kabaka kwamba amefanya vibaya. Aliwalinda pia vijana wa ikulu dhidi ya tamaa za mfalme. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa. Vijana wale waliona kwamba kiongozi wao hakuwa na maneno mawili, moja la mbele ya mkubwa na lingine la chumbani. Mtu wa namna hiyo, hata akiwa amelala kaburini, maneno yake huendelea kuongoza.

Na nani alichukua nafasi yake? Karoli Lwanga, ambaye siku hiyohiyo alikwenda misioni kuomba Ubatizo. Wapendwa, Lwanga aliingia katika uongozi siku ambayo kila mtu mwenye akili angeukimbia. Tangu siku hiyo hadi mwisho wa Mei 1886 alikuwa na miezi sita tu. Katika miezi hiyo aliendelea kuwafundisha vijana, kuwakinga, na kukaa nao. Lilipofika lile jambo la kutisha, usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei, aliwabatiza yeye mwenyewe wakatekumeni wachache waliokuwa bado, akiwemo Kizito, kijana wa miaka kama 14. Mapokeo yanasimulia kwamba Kizito aliogopa, na Lwanga akamwahidi kwamba saa ya kutoka mbele ya Kabaka itakapofika, watatoka wameshikana mikono.

Tutafakari ahadi hiyo. Lwanga hakumwambia Kizito kwamba mambo yatakuwa sawa, kwa sababu hakujua kama yatakuwa sawa. Hakumkemea kwa kuogopa. Alimwahidi kitu kimoja ambacho kilikuwa katika uwezo wake, yaani kuwa karibu naye. Kijana yule aliweza kuiamini ahadi hiyo kwa sababu kwa miezi mingi alikuwa ameona kwamba Karoli akisema nitakuja, huja. Kuaminiana kwa siku ya dhoruba huwekwa akiba siku za kawaida, kidogo kidogo, kama senti katika kibubu. Atakayeanza kuweka mawingu yakiwa yamekwisha kutanda atakuta kibubu kitupu.

Huko Namugongo walifungwa kwa muda wa juma moja. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa kwa moto peke yake kabla yao. Adui yeyote angetegemea kwamba mchungaji akipigwa kondoo watatawanyika. Hawakutawanyika. Walikwenda motoni wakisali, Wakatoliki pamoja na Waanglikana. Kazi ya Lwanga ilikuwa imekamilika, maana imani yao haikuwa imefungwa kwenye uso wake, bali kwa Kristo ambaye yeye aliwaonyesha.

Huenda baadhi yenu mnasema: Baba, hao ni watakatifu, sisi tunagombana juu ya daftari la michango. Ni kweli. Basi turudi kwenye daftari.

Miaka michache iliyopita, jumuiya moja ya parokia yetu ilipasuka kwa sababu ya fedha za rambirambi. Ilinong'onwa kwamba mweka hazina amezila. Watu wakaacha kuchanga, kisha wakaacha kusalimiana. Mwenyekiti wao alikuwa fundi seremala, mzee wa maneno machache. Hakusimama kumtetea mweka hazina, wala hakumhukumu. Aliomba daftari zote ziletwe, akawaomba watu watatu wakae wahesabu, na mmoja wa hao watatu alikuwa yule aliyenong'ona kuliko wote. Walihesabu kwa jioni mbili. Ikaonekana kwamba fedha zipo, isipokuwa shilingi 40,000 ambazo hazikuandikwa popote. Mweka hazina akaeleza, huku analia, kwamba alimpelekea mgonjwa kwa ruhusa ya mdomo. Yule mzee akasimama akasema, "Ruhusa hiyo niliitoa mimi. Kuandikisha ilikuwa juu yangu." Akaketi.

Tulikuwepo jioni hiyo. Hakuna aliyepiga makofi, wala mambo hayakupona usiku uleule. Tangu hapo waliweka utaratibu kwamba kila Jumamosi, kabla ya sala ya mwisho, daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote, hata kama kilichoingia ni shilingi 500. Yule aliyekuwa akinong'ona akafanywa mmoja wa wahesabuji. Karibu mwaka mzima ulipita kabla mahudhurio hayajarudi kama zamani. Mwaka uliofuata yule mwenyekiti alipatwa na kiharusi, akalala ndani kwa miezi mingi. Jumuiya haikulala. Makamu aliongoza sala, vijana wa VIWAWA walichota maji nyumbani kwa mzee, akina mama wa WAWATA walipokezana kupika, na daftari liliendelea kusomwa, sasa pembeni ya kitanda chake.

Mzee huyu hakuwahi kuhudhuria semina yoyote ya uongozi. Alichofanya chafaa kufundishwa katika kila semina: aliweka mambo mwangani, alibeba sehemu yake ya lawama bila kusukumwa, na alimpa kazi mtu aliyemshuku badala ya kumfukuza.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya ustahimilivu, kwa kuwa mara nyingi tunauelewa vibaya. Kustahimili hakumaanishi kunyamaza na kumeza machungu mpaka siku moja mtu atupe ufunguo wa ofisi na kuondoka. Katika vita dhidi ya Waamaleki mikono ya Musa ilichoka, na Maandiko Matakatifu hayakuuficha uchovu wake. Aroni na Huri walimwekea jiwe akalie, wakamshika mikono huku na huku hadi jua likatua. Kiongozi ambaye wenzake hawajui kwamba amechoka hana wa kumwekea jiwe. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tunakazia kwamba kidole hicho hakina budi kukubali kwamba ni kimoja.

Kwa hiyo tunayo maombi kwa juma hili. Kwenu mliopendekezwa na mnaosita: msikatae kabla hamjaketi na wale wanaowaomba, mkawaambia wazi ni nini kinawaogofya. Mkikubali, anzeni na mambo madogo. Fikeni saa mliyoitaja. Someni daftari kwa sauti. Mtu asipofika kwenye sala mara mbili, mwendeeni nyumbani kabla hamjamzungumza. Tangu mwezi wa kwanza mtafuteni atakayeshika nafasi yenu, mkamfundishe bila wivu.

Kwenu mtakaoongozwa: kiongozi wenu hawezi kuaminika peke yake. Mwenye shaka na aulize mbele ya watu, kwa heshima, asisubiri njiani kurudi nyumbani. Minong'ono michache yatosha kubomoa kilichojengwa kwa miaka mingi, na anayeumia kwanza ni yule mgonjwa ambaye hatatembelewa.

Nasi tunajua kwamba parokia hii si yetu. Ipo siku barua ya Baba Askofu itafika, tutafunga vitabu vyetu na kwenda kwingine, kama Mapadre waliotutangulia hapa. Tunachomwomba Mungu ni kwamba siku hiyo Jumamosi alfajiri ifuatayo mtasali kama kawaida, mwenyekiti akiwa na nafasi yake, katibu akiwa na kalamu yake, na mgonjwa wa mtaa wa pili akiwa ametembelewa. Hapo tutajua kwamba tulifanya kazi ya Bwana.

Jumamosi ijayo tutakuwa pamoja na zile jumuiya mbili ambazo bado hazina mwenyekiti. Tunawaomba kila familia isali fumbo moja la Rozari kwa ajili yao, na kwa ajili ya yule mama katibu, ambaye hatujamwomba abadili neno lake. Tumemwomba aje tu, akae karibu nasi.

Watakatifu Karoli Lwanga na wenzake, mtuombee.

Ni sisi, Paroko wenu katika Kristo.