Jirani yangu daktari

Najua nimekuwa kimya hapa. Kuna kitu kimenikaa rohoni tangu Jumapili. Nimejaribu kukiandika kama habari ya gazeti kikagoma, basi nakileta hivihivi.

Naishi Kiwalani, Bombom, nyumba ya kupanga. Chumba cha uani anakaa daktari anayesomea ubingwa wa upasuaji katika hospitali moja kubwa hapa Dar, jina naliacha. (Msidhani madaktari wote wako Masaki.) Aliondoka Ijumaa alfajiri. Jumapili saa sita mchana mama mwenye nyumba akanigongea: "Mwanangu, njoo umwone dokta, leo karudi kalewa." Nikatoka. Kaegemea mlango wake, ufunguo uko kwenye kitasa, usingizi umemchukua palepale kasimama. Kulewa wapi, jamani!

Nikampa chai ya rangi. Nilidhani atalalamikia zamu. Akasema, "Dada, usingizi si tatizo, ukilala unaisha. Tatizo siku hizi mgonjwa akilia simsikii mtu. Nasikia kelele."

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka hali hii katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, si kama ugonjwa bali kama jambo linalotokana na kazi: nguvu kuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi, na kuona hufanyi cha maana. Kwetu uswahilini haina jina. Tunasema dokta ana roho mbaya, dokta ana dharau. Na mimi nimeshasema hivyo, tena zaidi ya mara moja, nikiwa kwenye foleni.

Nikamkumbusha Novemba 2007, pale MOI, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Nilikuwa bado shule, lakini nani amesahau? Akaniambia kitu ambacho sikukijua. Miezi ileile hospitali ya Ifakara ilikuwa moja kati ya nane duniani zilizokuwa zikijaribu orodha ya maswali ya kuulizwa chumba cha upasuaji. Maswali 19. Mgonjwa anaitwa nani, anapasuliwa nini, upande gani. Matokeo yalipotoka mwaka 2009, kwa hospitali zote nane vifo vilikuwa vimeshuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Kwa kuulizana tu!

"Kuna swali la kwako wewe?" nikauliza. "Kama umelala?"

"Halipo."

Ndege ikapita juu ya bati, kama kawaida yetu huku, tukanyamaza mpaka ipite. Akainyooshea kikombe. "Yule saa zake zikiisha haruhusiwi kurusha. Zimeandikwa." Marekani nao tangu 2003 wamewawekea madaktari walio mafunzoni kikomo cha saa 80 kwa wiki, ambazo kwangu bado ni adhabu.

Nikasema basi na nyie mgome kuzidisha saa. Akaniangalia kama mtoto. "Jana usiku kaletwa mama, utumbo umejisokota. Nikisema saa zangu zimeisha, anampasua nani?"

Hapo sikuwa na jibu, na nadhani ndipo watu wengi wanaoandika kuhusu "kujipenda" na "kupumzika" hawafiki. Tume iliyoandika kwenye jarida la Lancet mwaka 2015 ilisema kila watu 100,000 wanahitaji walau mabingwa 20 wa upasuaji, uzazi na usingizi (cheo kizuri hicho, daktari wa usingizi). Sisi tuko mbali sana. Kwa hiyo kila saa anayolala dokta wangu, kuna mtu kitandani anamsubiri, naye anamjua kwa jina.

Nikamuuliza amelala saa ngapi tangu Ijumaa. Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, vikabaki.

Simu ikaita. Akaitazama ikiita, muda mrefu kidogo, kisha akapokea. "Nakuja." Akakisuuza kikombe changu bombani, akanirudishia, akaenda kutafuta bodaboda. Ufunguo aliuacha kwenye kitasa. Ninao mimi.