FUNDI ALIYEJAZWA ROHO

Neno letu leo ni Kutoka 31, mstari wa 1 hadi wa 5. Soma kwanza, kisha urudi hapa.

Sisi watu wa Roho tukisikia mtu amejazwa, mawazo yanakwenda kwa lugha mpya, unabii na uponyaji. Hayo tunayaamini, haleluya! Lakini hapa Mungu anamjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi ya mikono: achonge mbao, akate vito, abuni mapambo ya dhahabu, fedha na shaba. Musa hakuambiwa amtoe kwenye ufundi ndipo awe mtumishi. Ufundi wenyewe ulikuwa utumishi.

Neno hili limenishika tangu mama mmoja wa kanisa letu, anayeishi Kibera na kufua nguo za watu Kilimani, aliponiletea mzigo wake. Mwanawe amemaliza shule, na usiku anakesha kwenye laptopu kuukuu akipaka rangi vitu vya gemu. Mama akaniuliza, "Pasta, niiuze nilipe kodi ya nyumba, ama nimwache? Hii ni kazi ama ni mchezo?"

Mama mwenye deni la nyumba hajibiwi kwa "tuombe" peke yake. Nikamwomba wiki mbili. Jumamosi mbili nikaketi na kijana huyo na wenzake wa Kawangware, mimi wa miaka arobaini na kitu, nikafundishwa kushika kipanya na kupaka.

Kazi yenyewe iko hivi. Nyumba au mnyama unayemwona kwenye gemu huanza kama umbo tupu la kijivu. Umbo hilo hufumuliwa kwenye mishono na kulazwa bapa, kama fundi wa nguo anavyofumua koti apate vipande vyake. Juu ya vipande hivyo unapaka tabaka kwa tabaka: rangi, kutu, vumbi, na unaonyesha mahali pa kung'aa na pa kufifia. Vikirudi kwenye umbo, bati linakuwa bati.

Filamu ya Avatar ya 2009 ilipotengenezwa kule New Zealand, mafundi wake walijiundia programu ya kazi hii wakaiita Mari, kutokana na neno letu "maridadi". Hiyo hulipiwa. Vijana wetu wanatumia Blender, ambayo ni ya bure kwa sababu mwaka wa 2002 watu walichanga Euro 100,000 ili iwe ya wote. Flow, filamu iliyotengenezwa kwa Blender hiyohiyo, ilishinda Oscar mwaka wa 2025. Na hapa Nairobi, Andrew Kaggia na Black Division Games walitoa gemu ya Nairobi X mwaka wa 2015.

Lakini kilichonigusa zaidi ni ukuta mmoja wa mabati. Kijana alinionyesha kutu iliyotengenezwa tayari, imeenea sawasawa kama siagi kwenye mkate. Kisha akafungua ukuta aliopaka mwenyewe. "Pasta, kutu haianzi popote tu. Inaanza kwa tundu la msumari, na huku chini maji ya mtaro yanaporuka. Hapa juu ya mlango ni moshi wa jiko." Nimeingia nyumba nyingi za mabati kuombea wagonjwa, na hakuna aliyewahi kunisomea ukuta hivyo. Kile ambacho wengine wanakiita aibu ya mtaa, kwake ni elimu.

Kwa hiyo nilimwambia mama nini? Sikumtabiria utajiri. Nilimwambia, "Mama, hii ni kazi, lakini bado haijaanza kulipa." Tukaketi watatu tukakubaliana: laptopu isiuzwe kwa miezi mitatu, kijana aende mjengo siku tatu kwa wiki achangie kodi, kila mwisho wa mwezi amwonyeshe mama alichomaliza. Na kwa kuwa Kutoka 35:34 inasema Bezaleli alipewa pia moyo wa kufundisha, Jumamosi atawafundisha wenzake katika chumba cha kanisa, umeme ni juu yetu. Kodi ya mwezi huu imelipwa nusu. Tunaendelea.

Mzazi, kabla hujaita kitu upuuzi, keti kando ya mtoto wako uombe akuonyeshe. Kijana, usijifiche nyuma ya kipawa huku mama akibeba nyumba peke yake. Bezaleli alikuwa na kipawa na alifika kazini.

Baba, wajaze Roho mafundi wetu wa Kibera na Kawangware. Wape subira ya kujifunza, na mlango wa riziki halali. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, na utaje jina la fundi mmoja wa nyumbani kwako tumwombee.