Baiskeli Mbili Katika Bonde la Derwent

Aliyezaliwa Tanga haoni ajabu kumkuta mzee wa miaka sabini juu ya baiskeli. Mji ule ni tambarare, na tangu utotoni tuliwaona wauza samaki, walimu na masheikh wakipishana barabarani, wote wakikanyaga. Babu wa mmoja wetu alikuwa na Raleigh nyeusi iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza. Aliipangusa kila Ijumaa asubuhi, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa kengele yake. Hatukujua wakati ule kwamba tungekuja kuishi si mbali na Nottingham, wala kwamba baiskeli ndiyo ingetuonyesha nchi hii ya ugenini.

Lakini Sheffield si Tanga. Mji huu umejengwa juu ya vilima, na mtaani kwetu hakuna njia ya kutokea isiyopanda. Mwaka 2014 mmoja wetu alipasuliwa goti. Alipoanza kupata nafuu, daktari alimshauri aendeshe baiskeli ili misuli isilegee. Ushauri ulikuwa mzuri, ila ulitolewa na mtu asiyekijua kilima chetu. Mwaka uliofuata tukanunua baiskeli ya mlimani yenye mota ya umeme, kwa pauni 1,300. Mwenye goti akawa anapanda hiyo, na mwenziwe akabaki na baiskeli yake ya kawaida.

Kwa miaka saba tulikwenda pamoja magharibi ya mji, katika hifadhi ya Peak District, ya kwanza ya taifa kutangazwa Uingereza, mwaka 1951. Njia tuliyoizoea zaidi ni ya Bonde la Derwent. Huko kuna mabwawa matatu yaliyofuatana mtoni: Howden juu, Derwent katikati, na Ladybower chini. Mawili ya kwanza yalikamilika kabla ya mwaka 1917, yakiwa na kuta za mawe na minara kama ya ngome. La tatu lilijengwa kati ya mwaka 1935 na 1943, na maji yake yalifunika vijiji viwili, Ashopton na Derwent. Mifupa ya waliozikwa katika uwanja wa kanisa la Derwent ilifukuliwa na kuzikwa upya kijiji cha Bamford. Mnara wa kanisa uliachwa ukichomoza juu ya maji hadi mwaka 1947, ulipolipuliwa. Katika kiangazi kikali, kama kile cha 2018, maji hupungua na misingi ya nyumba huonekana, na watu huenda kuitazama kama waendao kuzuru makaburi. Maji ya mabwawa haya hunywewa Sheffield, Derby, Leicester na Nottingham. Kwa hiyo mafundi walioiunda Raleigh ya babu huenda walikata kiu kwa maji ya bonde hili.

Turudi kwenye baiskeli. Ile ya zamani ilikuwa na mota katika kitovu cha gurudumu la nyuma na betri ya wati-saa 400 hivi, iliyofungwa juu ya fremu kama chupa kubwa. Haikupima nguvu za mguu. Ilijua tu kwamba kanyagio zinazunguka. Ukizizungusha kivivu, inakusukuma. Ukizizungusha kwa bidii, inakusukuma vilevile, tena ikichelewa kidogo kuanza na kuchelewa kidogo kuacha. Kwenye kona yenye kokoto jambo hilo si la mzaha. Tairi la nyuma likipasuka, kulitoa ilikuwa kazi ya nusu saa kwa sababu ya waya wa mota. Hata hivyo tuliipenda. Ndiyo iliyomrudisha mwenye goti milimani.

Betri, kama binadamu, huzeeka hata ikitunzwa. Mwanzoni ilitupeleka kilomita 60. Mwaka wa saba haikufika 30, na wakati wa baridi ilipungua zaidi. Jumamosi moja ya Desemba, mwaka 2022, tulikuwa tumeswali Alasiri kando ya ukuta wa bwawa la Derwent, tukaanza safari ya kurudi. Mwezi huo jua la huku huzama kabla ya saa kumi jioni. Tulipoanza kupanda kutoka Ladybower kuelekea Moscar, taa ya betri ilishuka kutoka alama mbili hadi sifuri, kisha mota ikanyamaza. Baiskeli yenye kilo 23 isiyo na mota ni mzigo tu. Tuliisukuma kwa zamu, magari yakitupita kwa kasi gizani, na mwenye goti hakusema neno. Kimya chake ndicho kilichotutia hofu. Wiki mbili baadaye bado alikuwa akishuka ngazi upande upande.

Je, tununue betri mpya au baiskeli mpya? Mtengenezaji alikuwa ameacha kuunda betri za aina ile. Zilikuwapo nyingine za bei nafuu kwa wauzaji tusiowajua, lakini betri mbovu ya lithiamu ikishika moto huwaka kwa ukali na haizimiki upesi, na sisi tulikuwa tukiichajia ukumbini, mbele ya mlango wetu pekee wa kutokea. (Tangu hapo tunachajia bandani, mchana, mtu akiwa macho.) Tukaamua kununua baiskeli mpya. Muuzaji alitushauri tulipe kidogo kidogo, pamoja na riba. Tukamshukuru, tukaweka akiba kwa miezi minane, na mwisho tukanunua toleo la mwaka uliotangulia kwa pauni 3,400 taslimu.

Kabla ya hapo ilibidi tuiuze ya zamani, na hapo ndipo tulipokosana. Kijana mmoja anayesambaza vyakula usiku alikuja kuitazama. Aliizungusha mtaani, akarudi akitabasamu, akakubali pauni 500. Tukamweleza habari ya betri. Akafikiri, akasema atarejea, na hakurejea. Usiku ule mmoja wetu akasema kwamba kijana hakuuliza, na kwamba mtaani baiskeli ilikwenda vizuri. Mwenziwe akauliza: "Na ikimzimikia kama ilivyotuzimikia?" Hatukulala vizuri. Asubuhi tuliandika upya tangazo: betri imechoka, haifai kwa safari ndefu wala kwa baridi kali, bei pauni 250. Aliyeinunua ni muuguzi aishiye kilomita nne tu kutoka kazini kwake. Alisema hospitalini kuna mahali salama pa kuichajia, akahesabu noti mbele yetu, akaenda nayo. Zile pauni 250 tulizozikosa zilituchelewesha kununua mpya kwa mwezi mzima.

Hii mpya mota yake iko katikati, kwenye mhimili wa kanyagio, na hupima nguvu ya mguu mara nyingi sana kwa sekunde. Ukikanyaga kidogo, inaongeza kidogo; ukikazana, inakazana nawe. Nguvu hupitia mnyororo na gia, kwa hiyo hupanda mwinuko ambao ile ya zamani ingelia na kusimama. Hasara yake ni kwamba mnyororo huisha mapema. Betri ni ya wati-saa 750. Sheria haikubadilika: mota haizidi wati 250, huacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa, na mwendeshaji awe ametimiza miaka 14. Kwa kutii masharti hayo, baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli tu, na huruhusiwa kwenye njia za farasi zinazopita milimani.

Jambo ambalo hatukulitarajia ni kwamba mwenye goti sasa alimwacha mwenziwe nyuma. Kwa miaka saba tulikuwa tumelingana bila kujua. Uchovu wa betri ulikuwa umelingana na uchovu wa miguu. Siku ya kwanza alifika juu ya kilima akasubiri dakika kumi, na aliyefika hakufurahia kusubiriwa.

Mwezi wa Mei tulikwenda hadi mwisho wa bonde, Slippery Stones, zaidi ya bwawa la Howden, ambako magari hayafiki. Hapo pana daraja dogo la mawe, la karne ya 17, lililokuwa kijiji cha Derwent kabla ya mafuriko ya bwawa. Mawe yake yalitiwa namba, yakahifadhiwa, na mwaka 1959 yakapangwa upya mahali pale. Tulikula chapati zetu juu yake tukitazama maji ya kahawia yakipita chini. Betri ilikuwa na alama nne kati ya tano. Goti, kwa maneno ya mwenyewe, lilikuwa na tatu.

Njia ya kurudi kando ya mabwawa huteremka polepole, na goti likasema linaweza. Tukashusha kiti kimoja, tukapandisha kingine, tukabadilishana baiskeli palepale darajani.