Barua ya Mjomba kwa Mpwa Juu ya Hisa za Marehemu

Magamba, Lushoto

Kwa mpwa, binti wa dada, aliyeko Dar es Salaam. Kutoka kwa mjomba wake. Barua hii yahusu kampuni ya mbao iliyoachwa na marehemu baba yake, pamoja na shauri ambalo mpwa anakusudia kulifungua dhidi ya kaka yake mkubwa wa nyumba ya kwanza, yaani mwana wa mke mkubwa.

Kampuni yenye dhima ya ukomo ni chombo kinachoundwa na sheria, ambacho kikishasajiliwa huhesabiwa kuwa mtu, maana yake kinaweza kumiliki mali, kukopa, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake chenyewe, huku wenye hisa wakiwa hawadaiwi zaidi ya thamani ya hisa walizokubali kuzilipia. Ukomo huo ndio uliomvutia marehemu alipoamua kusajili biashara yake BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kwa kuwa aliyekuwa akinunua magogo ya misonobari kutoka Shamba la Miti Shume na kuyapasua kwa mkopo wa benki alijua vema kwamba msimu mmoja mbaya ungeweza kuchukua nyumba na shamba. Faida hiyo, hata hivyo, ina upande wa pili ambao familia nyingi huusahau mara tu cheti cha usajili kinapotundikwa ofisini: ukuta unaoyazuia madeni ya kampuni yasiingie nyumbani ndio huohuo unaowazuia watu wa nyumbani wasiingie katika mali ya kampuni.

Kwa sababu hiyo, kauli ambayo mpwa ameirudia katika kila ujumbe wake, kwamba kampuni ni ya baba na baba ni wa wote, haina pa kusimama mahakamani. Marehemu hakuimiliki kampuni kwa namna alivyoumiliki mgomba wake wa kando ya nyumba. Alichomiliki ni hisa, yaani sehemu za umiliki zinazompa mwenye nazo haki ya kupiga kura katika mkutano mkuu na ya kupata gawio faida inapogawanywa, wakati lori la Fuso, mashine za kupasulia na mbao zilizopangwa uani ni mali ya kampuni yenyewe. Msingi huu, ambao mahakama za Tanzania zinaufuata, ulithibitishwa na Baraza la Malodi la Uingereza katika kesi ya Salomon, iliyoingia katika taarifa za sheria za mwaka 1897, na inafaa kukumbukwa kwamba nayo ilihusu kampuni ya familia: Aron Salomon, mtengeneza viatu wa London, alikuwa na hisa 20,001, na mkewe na watoto wao watano walikuwa na hisa moja moja, lakini kampuni ilihesabiwa kuwa mtu mwingine kabisa, mbali na Salomon. Kwa mtu wa mbao kesi ya Macaura ya mwaka 1925 inagusa zaidi, kwani huyo alikuwa bwana shamba wa Ireland ya Kaskazini aliyeiuzia kampuni yake miti yote, kisha akazikatia bima mbao hizo kwa jina lake mwenyewe, na moto ulipoziteketeza hakulipwa chochote, kwa hoja kwamba mbao zilizoungua hazikuwa zake ingawa hisa karibu zote zilikuwa zake.

Nia ya kulizuia lori pale Mombo likishuka na mzigo, ambayo mpwa ameieleza kwa hasira inayoeleweka, inapaswa kuachwa mara moja. Atakayedhulumiwa na kitendo hicho si kaka mkubwa bali ni kampuni, ambayo mpwa anadai sehemu yake, na atakayekuwa wa kwanza kuripotiwa polisi ni yeye.

Mgogoro huu unaoitwa mmoja nyumbani ni migogoro mitatu iliyofungwa pamoja, na wengi hushindwa kwa kuipeleka yote kwenye mlango mmoja. Nani ni mrithi ni swali la mirathi. Nani ni mwanahisa ni swali la daftari la wanahisa, ambalo kila kampuni inalazimika kulitunza. Na nani ni mkurugenzi, yaani mwenye mamlaka ya kuendesha shughuli za kila siku, ni swali la kura za wanahisa. Mtu anaweza kuwa mrithi bila kuandikwa katika daftari, anaweza kuandikwa bila kuwa mkurugenzi, na anaweza kuwa mkurugenzi bila kumiliki hata hisa moja, jambo ambalo kaka mkubwa analijua na ambalo linaeleza kwa nini anazungumza kwa kujiamini.

Mirathi ndiyo ya kutangulia. Marehemu hakuacha wosia, aliishi na kuzikwa kama Mwislamu, na ndugu wote wameafiki kwamba mali yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, ambayo haitambui mgawanyo wa kale wa Usambaani ambamo kila nyumba ilirithi mashamba aliyopewa mama yao. Kati ya hisa 1000 za kampuni, marehemu alikuwa na 800 na kaka mkubwa 200 alizopewa na baba akiwa hai, ambazo si sehemu ya mirathi na hazipaswi kuguswa hata kwa maneno. Katika zile 800, wajane wawili hugawana thumni, yaani sehemu moja ya nane, ambayo ni hisa 100, 50 kwa kila mmoja. Zinazobaki 700 huwaendea watoto, mwana wa kiume akipata mara mbili ya binti, hivyo kwa watoto wa kiume watatu na binti mmoja, kila kaka hupata 200 na mpwa hupata 100. Mpwa hatafurahia hesabu hiyo, na mjomba hana sababu ya kuipaka sukari, lakini ni heri aijue sasa kuliko kuisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakili wa upande wa pili.

Hesabu hiyo, ikisomwa kwa makini, inampa nguvu kuliko anavyodhani. Nyumba ya kwanza, yaani kaka mkubwa, mdogo wake wa tumbo moja na mama yao, itakuwa na hisa 650, zinazotosha kupitisha azimio la kawaida, lile linalohitaji zaidi ya nusu ya kura na ambalo kwalo wakurugenzi huteuliwa na kuondolewa. Lakini azimio maalumu, ambalo ndilo linaloweza kubadili katiba ya kampuni, huhitaji robo tatu ya kura, na nyumba ya kwanza haitafikia hapo wanahisa wote wakipiga kura, kwa kuwa nyumba ya pili, aliko mpwa, itashika 350. Tena sheria humruhusu mwenye sehemu moja ya kumi ya hisa kudai mkutano mkuu usio wa kawaida uitishwe, na hisa 100 za mpwa ni sehemu hiyo kamili. Kaka mkubwa peke yake atakuwa na 400, maana yake hata yeye hawezi kutawala bila mdogo wake wa tumbo moja, ambaye hajasema lolote hadi leo. Huyo ndiye wa kutembelewa, na atembelewe bila wakili.

Lakini hisa hizo bado ziko juu ya karatasi. Msimamizi wa mirathi, yaani mtu anayeteuliwa na mahakama kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kuwagawia warithi, ndiye pekee mwenye haki ya kuzishughulikia, na usimamizi haumfanyi kuwa mmiliki. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, hutakiwa kuwasilisha taarifa ya mali na madeni ndani ya miezi 4, na hapo hisa 800 ziandikwe kwa idadi, si kwa maneno kama "kampuni ya mbao", ambayo yamewaponza wengi. Kabla ya hapo mpwa afanye upekuzi BRELA ili kuona jina gani limeandikwa leo, kwa sababu uvumi kwamba hisa za marehemu zimekwisha kuhamishwa utathibitika au utakufa kwa nakala moja tu. Na ikionekana hati ya uhamisho yenye tarehe ya baada ya kifo, jambo hilo halitakuwa tena ugomvi wa ndugu tu bali huenda likawa kosa la jinai, na mahakama ina uwezo wa kuamuru daftari lirekebishwe. Aisome pia katiba ya kampuni, hasa vifungu vinavyohusu kifo cha mwanahisa, kwa kuwa katiba nyingi za kampuni binafsi huwapa wakurugenzi uwezo wa kukataa kumsajili mrithi, na kifungu cha namna hiyo kikiwamo, ndicho kitakachokuwa uwanja halisi wa mapambano.

Baada ya kuandikwa daftarini, kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 kitamfaa, kwani humruhusu mwanahisa anayeona kwamba kampuni inaendeshwa kwa namna inayomdhulumu kuiomba mahakama imwokoe, ikiwa ni pamoja na kuamuru hisa zake zinunuliwe. Ombi la kuivunja kampuni, ambalo wakili kijana wa mpwa analipenda, ni la kuogopwa. Katika kesi ya Ebrahimi, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1972, mfanyabiashara wa mazulia aliyeondolewa kwenye ukurugenzi na mbia wake wa siku nyingi akishirikiana na mwanawe alishinda, na ushindi wake ulikuwa kufungwa kwa kampuni iliyokuwa ikipata faida. Nchini Kenya, maduka ya Tuskys, yaliyoanzishwa na Joram Kamau na kuachiwa watoto wake alipofariki mwaka 2002, yaliingia katika kesi ya ndugu kwa ndugu mwaka 2012, na kufikia mwaka 2021 karibu matawi yote yalikuwa yamefungwa. Madeni ya wasambazaji na janga la Uviko vilichangia, lakini nyumba isiyosikilizana haikopesheki.

Usambaani hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa aliyetawala kutoka Vugha, aliwapa wanawe nchi za kusimamia, na mpango huo ulishika kwa kuwa kila mmoja alimtii baba. Alipofariki mwaka 1862 na kiti kikamwangukia mjukuu wake Shekulwavu, baba zake wadogo hawakuona sababu ya kumtii mtoto wa ndugu yao, na mmoja wao, Semboja wa Mazinde, aliyekuwa na bunduki na njia ya misafara miguuni pa mlima, akamfukuza Vugha. Vita vilivyofuata vilidumu hadi Wajerumani walipofika. Utii uliofungwa kwa mtu mmoja hauhamishiki kwa kifo chake, na hilo marehemu, ambaye alikuwa mwenyekiti, mkurugenzi na mweka saini wa benki kwa pamoja, hakulifikiria. Lawama hiyo ni yake kabla ya kuwa ya mwanawe.

Ni haki mpwa akumbuke kwamba mjomba ni ndugu wa mama wa nyumba ya pili, na kwamba ushauri wake lazima upimwe kwa kulijua hilo. Kwa ajili hiyo anapendekeza kikao cha kwanza kifanyike kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu, ambaye hana hisa, na kihudhuriwe na wajane wote wawili. Wapo wanaosema kwamba Lushoto, penye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, watu wangekuwa wepesi wa kuelewana nje ya mahakama. Ukweli ni kwamba ukaribu huo umewapa tu ujasiri wa kushtakiana.

Lipo jambo moja ambalo halijaulizwa na upande wowote. Nyumba ya Magamba anamoishi mama mkubwa, mjane wa nyumba ya kwanza, ilijengwa kwa fedha zilizotoka kwenye akaunti ya kampuni, juu ya kiwanja ambacho hati yake haijaonekana tangu msiba. Ikiwa kiwanja kiko kwa jina la marehemu, kinaingia katika mirathi na mama huyo ana sehemu yake. Ikiwa kiko kwa jina la kampuni, anaishi humo kwa hisani ya wakurugenzi, na benki, ikiwa imekishika rehani, inaweza kumtoa. Mpwa aitafute hati hiyo kabla ya kuweka saini katika karatasi yoyote ya wakili, na akiipata ampelekee mama mkubwa nakala mkononi.